Mke wangu anataka binti, nami najua atakachorithi

Hujambo mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, fundi wa simu kwenye kibanda kimoja cha Luthuli Avenue hapa Nairobi, na ninaishi Umoja na mke wangu na kijana wetu wa miaka sita. Nimeisoma safu hii miaka mingi nikiwahurumia wengine. Leo ni zamu yangu.

Nilizaliwa Murang'a, mtoto wa tatu. Nilipoanza kutembea miguu ilijipinda, na shuleni wakanibatiza Mabano kwa sababu nikisimama wima magoti hayakutani. Mama ana miguu hiyo hiyo, na ni mfupi kama mimi. Kwetu haikuitwa ugonjwa. Ilikuwa tu "miguu ya kina Nyambura" (hilo ni jina la mama, nimelibadilisha), jinsi familia nyingine zinavyojulikana kwa mwanya au kwa upara. Zahanati walisema ni matege ya kukosa maziwa na jua. Maziwa, na nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili! Nilinyweshwa matone ya vitamini mpaka nikayachukia, na miguu ikabaki vile vile.

Ukubwani yakaja mengine. Nimeng'olewa meno saba. Jino linavimba na kutoa usaha bila hata kutoboka, na daktari wa meno ananitazama kama mtu anayelala na peremende mdomoni. Asubuhi naketi ukingoni mwa kitanda dakika kumi kabla ya kuthubutu kusimama, viungo vimekaza kama bawaba zenye kutu. Tunaishi ghorofa ya nne na hakuna lifti. Jioni nikifika ghorofa ya pili natoa simu, naiweka sikioni na kuongea peke yangu: "Ee, nimekusikia, niletee kesho asubuhi." Majirani hunipita wakidhani biashara imenoga. Kumbe napumzika.

Miaka miwili iliyopita paja la kulia lilianza kuniuma bila kuacha. Picha ikaonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa, ilhali sikuwa nimeanguka popote. Nikatumwa kwa daktari wa homoni. Alipima damu na mkojo, akakuta kalsiamu iko sawa lakini fosfeti, madini mengine ya mifupa, iko chini, inamwagikia mkojoni. Kisha akaniuliza kama nina picha ya mama kwenye simu. Nikampa ile ya harusi yetu, mama amesimama kando ya keki. Akaikuza kwa vidole viwili mpaka magotini, akanyamaza kidogo, akaniambia ugonjwa wangu unaitwa XLH, ni wa kurithi, na unafanya mifupa iwe laini.

Nilipewa fosfeti ya kukoroga na maji mara nne au tano kwa siku, pamoja na tembe ndogo za aina ya vitamini D ambayo mwili hauhitaji kuitengeneza upya. Zimenisaidia, ule ufa umeziba. Lakini fosfeti inalegeza tumbo, na kibandani hatuna choo. Cha kulipia ni shilingi 10 kila safari, na ukirudi unakuta mteja ameshahamia kibanda cha jirani. Kwa hiyo dozi ya mchana naruka siku nyingi.

Sasa lililonifanya niandike. Siku ile nikiwa tayari nimeshika kitasa cha mlango, daktari alinirudisha kitini. Akasema mwanamume mwenye ugonjwa huu hawezi kumrithisha mwana wa kiume, lakini kila binti atakayemzaa atakuwa nao. Nikamuuliza, labda? Akasema hapana, kila binti.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kijana wetu ana miguu iliyonyooka kama mwanzi. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, shangazi yangu alimsimamisha pale sebuleni, akacheka: "Huyu mbona hana miguu yetu?" Mke wangu alicheka pia. Mimi sikucheka. Zaidi ya miaka miwili nilimtazama mwanangu nikitafuta sura ya mtu mwingine usoni pake. Nilipotoka kwa daktari nilikaa kwenye matatu nikiona aibu, kwa sababu kumbe mwanangu wa kiume hakuwa na njia ya kuipata miguu hiyo.

Mke wangu amepanga kutoa kijiti cha kupanga uzazi mwezi Juni. Anataka msichana, na kwa mila yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Tayari anasema "Nyambura akija." Juzi alirudi kutoka soko la Mutindwa na karinda ka mitumba, akasema bei ilikuwa nzuri na nguo haiozi. Anajua nina dawa za mifupa, ila nilimwambia ni upungufu wa madini. La kurithi hajui. Mama pia hajui, naogopa atajilaumu. Dada yangu mdogo aliyeolewa Nakuru ana miguu kama yetu, na mtoto wake wa miaka mitatu nasikia anatembea akiyumba kama bata, lakini yeye ana mume wake na mambo yake.

Nimwambie mke wangu, au niendelee kusema uchumi ni mgumu tungoje? Je, ni haki kumleta mtu duniani huku najua atapita nilikopita? Na nikisema si haki, nitakuwa nasema nini kumhusu mama, na mimi mwenyewe?

Baba Kijana, Umoja

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Baba Kijana,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nilikwama nawe hapo ghorofa ya pili. Pole kwa ngazi hizo, na pole kwa miaka 34 ya kuambiwa unywe maziwa.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo miwili iliyofungwa kamba moja. Kuna habari ya kitabibu ambayo mkeo hana, naye yuko karibu kufanya uamuzi unaoitegemea. Na kuna swali lako la ndani, la kama maisha uliyoishi ni kitu ambacho mtu anaweza kumpa mtoto akiwa amefumbua macho. Unaogopa kwamba ukijibu la kwanza utalazimika kujibu la pili mbele yake. Naona ndiyo maana uchumi umekuwa mgumu nyumbani kwenu muda wote huu.

Wasomaji wengine wataniwia radhi nieleze ugonjwa wenyewe kidogo, kwani ni nadra, humpata takriban mtu 1 kati ya 20,000. Mwili una homoni inayoziamuru figo zimwage fosfeti kiasi gani. Kwa wenye XLH, jeni iitwayo PHEX, iliyo kwenye kromosomu X (X na Y ndizo huamua jinsia ya mtoto) na iliyotambuliwa mwaka 1995, ina kasoro. Homoni ile inazidi, nazo figo zinamwaga fosfeti ambayo mifupa na meno vinaihitaji ili viwe vigumu. Chukua mfano wa tangi la maji juu ya paa hapo Umoja, bomba la chini limeachwa wazi. Ita bowser la maji kila asubuhi ukitaka, jioni tangi ni tupu. Ndiyo sababu ng'ombe wawili na jua la Murang'a havikufua dafu. Na usidhani ni zahanati ya kwenu peke yake iliyoduwaa: mwaka 1937 Fuller Albright na wenzake huko Marekani walilazimika kuandika ripoti kumhusu mvulana ambaye matege yake yalikataa kupona kwa dozi za kawaida za vitamini D.

Mwanamume ana X moja tu. Binti zake wote huipokea hiyo, na wana wake hupokea Y. Hesabu ya daktari wako ni sahihi. Lakini mwanamke mwenye kasoro hiyo ana X mbili, kwa hiyo kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu. Hapo ndipo ninapotaka nirudi kwenye ile sentensi yako ya Nakuru, uliyoiandika kisha ukaikimbia.

Dada yako ana miguu kama yenu. Mtoto wake ana miaka mitatu na anayumba kama bata. Ndugu yangu, katika mengine yote nitakwenda polepole nawe, lakini hapa siwezi. Matege mengi tunayoyaona kwa watoto wa Kenya hutokana na upungufu wa vitamini D na hupona kwa matibabu ya kawaida, na watoto wengi wadogo huwa na miguu iliyopinda ambayo hujinyoosha yenyewe. Huenda huyo ni mmoja wao. Ila mtoto mwenye shosho, mama na mjomba wa namna hii anastahili kupimwa fosfeti kwenye damu, na daktari aambiwe historia ya familia kabla hajaandika matone. Madaktari wa homoni za watoto wapo, hata katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Dawa zikianza mapema, mifupa ingali inakua, miguu hunyooka zaidi na kimo huongezeka, na wapo wanaoepuka kisu kabisa. Kila mwaka unaopita hupunguza hilo. Wewe uliifikiria siri yako kama jambo la binti ambaye hajatungwa mimba. Mimi naona tayari inamgusa mtoto anayetembea. Mpigie dada yako, na mumewe atasikia kwake.

Turudi nyumbani kwako.

Unasema binti angepita ulikopita. Je, una hakika? Njia uliyoipita wewe ni ya mtu ambaye bomba lilivuja miaka 34 bila mtu kuliona. Huyu angezaliwa kwa baba anayejua. Damu yake ingepimwa tangu wiki za kwanza na vipimo vikarudiwa, kwa kuwa fosfeti huweza kuonekana sawa miezi ya mwanzo. Angeanza dawa kabla hajasimama. Na hakuna daktari wa meno ambaye angemdhania kuwa mlaji wa peremende, kwa maana wewe ungekuwa umeshamweleza kwamba meno ya watu hawa huoza kwa ndani bila tundu. Ugonjwa huu pia hauwi sawa kwa kila mtu, hata katika nyumba moja.

Sitaki hata hivyo nikuuzie matumaini. Dawa unazotumia haziponyi, zinajaza tangi tu. Mtoto hunyweshwa fosfeti mara nyingi kwa siku, mwaka hadi mwaka, na tumbo lake litalalamika kama lako. Dozi zikizidi, figo huweza kujaa chembe za chokaa na tezi zinazosimamia kalsiamu zikavurugika, kwa hiyo damu, mkojo na picha za figo haviishi. Wengine bado huhitaji kunyooshwa mifupa kwa upasuaji. Majipu ya meno huja hata kwa anayetibiwa. Tangu 2018 kuna sindano iitwayo burosumab iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani. Inaizuia homoni yenyewe badala ya kujaza tangi, na watoto huchomwa kila wiki mbili, watu wazima kila wiki nne. Huko Marekani bei yake inapita dola 100,000 kwa mwaka. Kwa fundi wa Luthuli hiyo ni kama kutajiwa bei ya ndege. Naitaja kwa sababu mtoto anayezaliwa leo ana miaka mingi mbele yake, na bei za dawa huwa hazikai pale pale. Lakini usipange maisha ya mtu juu ya hilo.

Kuhusu kama ni haki, sina mizani hiyo, na ningekuwa nayo nisingeipeleka nyumbani kwako. Ninachokiona ni kwamba umeandika mistari miwili tu juu ya ufupi na jina la Mabano, kisha ukaandika mengi juu ya asubuhi, ngazi, meno na choo cha shilingi 10. Watu wazima wenye XLH wakihojiwa juu ya maisha yao, maumivu, kukaza kwa viungo na uchovu ndivyo hutajwa sana. Sehemu ya hayo haitaondoka. Mifupa inayoota mahali kano zinaposhikana, visiginoni na mgongoni, haiyeyuki kwa dawa. Lakini sehemu nyingine inatokana na jinsi unavyoishi ukijificha. Dozi ya mchana unairuka, na daktari wako hajui. Mwambie. Huenda ikagawanywa midogo midogo ili tumbo litulie, badala ya wewe kuiruka na kushangaa paja linapouma tena. Na usijaribu kuilipia kwa kunywa nyingi usiku. Nyumba ya chini nayo hujaitafuta, nadhani kwa kuwa ingebidi uulizwe kwa nini. Siri hii inakutoza kodi ya ghorofa ya nne.

Kisha nikuulize: umewahi kumuuliza mama? Si kumpa habari, kumuuliza. Amekaa ndani ya mifupa hiyo maisha yake yote bila hata jina la ugonjwa. Unaogopa atajilaumu, na huenda akafanya hivyo siku mbili tatu. Huenda pia akafurahi kusikia kwamba miguu yake haikutokana na njaa wala kutotunzwa na mama yake mzazi. Katika watu wote mnaowajua, yeye ndiye shahidi wa swali lako, na ufa kama wako anaweza kuwa nao hata sasa. Anastahili kupimwa kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa mkeo, nione nawe njia zilizopo. Ukinyamaza Juni ikapita, mimba ikaja, kuna nafasi nusu kuwa ni mvulana, na wapo waume wanaocheza kamari hiyo huku wakiomba. Akiwa msichana, mkeo atajifunza ugonjwa huu neno kwa neno kliniki, na siku moja atauliza ulijua lini. Ukiendelea na hadithi ya uchumi, unaweza kupata mwaka mmoja au miwili, lakini yeye atabaki akihisi hutaki mtoto naye, na hilo nalo lina uchungu wake. Ukimwambia, inawezekana akakasirika, zaidi kwa ile miaka miwili ya kumficha kuliko kwa jeni. Inawezekana akalilia lile rinda. Hutaweza kumchagulia atakavyolipokea, na naona hicho ndicho kinachokutisha hasa.

Mkishajua wote wawili, kuna mazungumzo ambayo leo hamwezi kuyafanya. Mnaweza kuridhika na kijana mmoja. Mnaweza kulea mtoto asiye wa damu yenu. Mnaweza kuzaa mkiwa tayari kwa lolote, daktari akiwa ameandaliwa mapema. Kuna pia kliniki za Nairobi zinazotungisha mimba nje ya mwili, ambako kiinitete kinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa. Gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa jaribio moja, huenda vipimo vikatumwa ng'ambo, na hakuna hakika kwamba mimba itashika. Tena kwa hali yenu, njia hiyo ingemaanisha ama kuchagua mvulana ama kutopata mtoto, ilhali mkeo anamngoja Nyambura. Sijui mtaangukia wapi. Nataka tu muangukie huko mkiwa wawili.

Usidhani pia kwamba mkeo haoni. Mke wa mtu anayeketi ukingoni mwa kitanda dakika kumi kila asubuhi analala kitanda hicho hicho. Anaweza kuwa amejitungia maelezo yake mwenyewe, na huenda yanatisha kuliko ukweli. Kama maneno yanakukwama, muombe muende pamoja kwa daktari siku yako ya kurudi, umwache daktari aeleze sehemu ya jeni, nawe useme ya kwako mkiwa njiani. Nenda kabla ya Juni, huku kijiti kingali mkononi, ili kusiwe na mtu anayekimbizwa na tarehe.

Lile la kumshuku, naomba ulitenganishe na hili. Ugonjwa ni habari inayomhusu mkeo kwa haki yake. Shaka ilikuwa kichwani mwako, ilizaliwa na mzaha wa shangazi, na imekwisha. Wapo watakaokwambia ukiri kila kitu siku moja ili moyo upumue. Mimi nasita. Jiulize kama kulisema kutamtua yeye mzigo au kutakutua wewe na kumtwika yeye. Labda siku yake itakuja, labda haitakuja. Kwa sasa kijana ana miaka sita, na nadhani unajua unachomdai.

Jioni moja wiki hii, ukifika ghorofa ya pili na kutoa simu, mpigie kweli. Mwambie uko ngazini, miguu imegoma, ashuke akae nawe kidogo.